Waraka ni Nusu ya Kuonana

Wazee wetu walisema kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Wengi katika wasomaji wa ukurasa huu wanaijua kweli ya neno hilo, maana mkulima huacha shamba mikononi mwa mkewe akaenda kutafuta kazi mjini, na karani huhamishwa wilaya hata wilaya, watoto wakabaki nyumbani. Leo nataka kuwapa habari za mtu mwenye cheo kikubwa aliyepatwa na jambo lilo hilo wakati wa vita.

Mtu huyo ni Admirali Sir James Somerville wa Uingereza. Aliingia kazi ya manowari mwaka 1897, angali kijana, akamwoa Bibi Mary mwaka 1913. Mwaka 1939 alistaafishwa kwa kudhaniwa kuwa na ugonjwa wa mapafu, lakini vita vilipozuka alirudi kazini, na mwaka 1940 akakabidhiwa manowari zilizokaa Gibraltar.

Watu hudhani kwamba maisha ya ofisa wa manowari ni kupiga mizinga kila siku. Sivyo. Siku nyingi ni za kungoja na kutazama bahari tupu. Saa 24 za siku hugawanywa katika zamu saba: tano za saa nne nne, na mbili fupi za jioni za saa mbili mbili. Zile fupi ziliwekwa kusudi hesabu ya zamu isiwe shufwa, ili mtu aliyekesha usiku wa manane leo asikeshe saa zizo hizo kesho. Ofisa wa zamu husimama juu darajani penye upepo na baridi, akishuka hulala kidogo, kisha huamka kwa kazi nyingine.

Tena maofisa walikuwa na kazi moja iliyowatia haya. Iliwapasa kuzisoma barua za mabaharia wao kabla hazijapelekwa, kusudi pasiwemo neno la kumsaidia adui. Basi mtu aliyetamani habari za watoto wake mwenyewe alikaa chini ya taa akisoma salamu za watoto wa wenzake.

Admirali naye alimwandikia mkewe mara kwa mara. Barua iliyo nzito kupita zote ni ya Julai 1940. Ufaransa ilikuwa imeshindwa na Wajerumani, na serikali ya London iliogopa manowari za Wafaransa zisije zikatwaliwa na adui. Somerville aliamriwa aende Mers-el-Kébir, karibu na Oran katika Algeria, awape Wafaransa masharti, nao wakikataa awapige. Watu hao walikuwa rafiki zake wa vita majuma machache tu nyuma. Alisihi asitumie nguvu, asikubaliwe. Tarehe 3 Julai mazungumzo yalipita mchana kutwa bila mapatano, na jioni akapiga mizinga. Wakafa mabaharia Wafaransa zaidi ya 1,200. Mbele ya watu alikuwa askari aliyetimiza amri, lakini kwa mkewe aliandika wazi kwamba aliona aibu, na kwamba jambo lile lilikuwa kosa kubwa.

Mwaka 1942 alipewa manowari za Bahari ya Hindi. Mwezi wa Aprili Wajapani waliishambulia Ceylon, wakazamisha manowari Dorsetshire, Cornwall na Hermes, na baada ya hayo Kilindini ikawa kituo kikubwa cha manowari zake. Hata shule ya Alidina Visram ilitwaliwa na maofisa waliosikiliza simu za upepo za Wajapani. Barua zilizokwenda kwa meli kwa kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema zilichukua majuma mengi njiani. Kwa ajili ya shida kama hiyo, tangu mwaka 1941 Waingereza walikuwa na utaratibu wa kuzipiga barua picha ndogo sana, picha zikapelekwa kwa ndege, kisha zikachapwa tena kwa ukubwa wa kusomeka.

Vita vilikwisha mwaka 1945. Mwaka ule ule Bibi Mary akafariki, na Admirali akamfuata mwaka 1949. Miaka waliyotengana haikurudi, ila barua zilibaki, na waandishi wa historia wanazisoma hata leo.

Basi, ndugu msomaji uliye mbali na nyumbani, fedha unazopeleka mwisho wa mwezi ni jambo jema, lakini fedha hazisemi. Mkeo hupata habari ya mshahara wako, asipate habari ya moyo wako. Usingoje mpaka uwe na jambo kubwa. Iwe kwa kalamu, iwe kwa simu, mweleze siku yako ilivyokwenda, na neno lililokuuma usilimfiche. Naye atakuelewa zaidi kuliko wote unaokula nao huko uliko.