Neno la Mhariri: Msimamizi na Ripoti ya Zamu



Aghalabu uzembe wa wauguzi unapotajwa, iwe barazani, iwe stendi ya Makambako au katika vikao vya halmashauri, sababu hutafutwa katika mshahara, uchache wa watumishi na uhaba wa dawa. Na sababu hizo ni za kweli, wala hatuna nia ya kuzipunguzia uzito. Lakini toleo hili tumelielekeza kwenye jambo lisilongoja fedha ya Hazina, nalo ni mwenendo wa msimamizi kwa muuguzi aliye chini yake. Kwani twaitakidi kwamba muuguzi mwenye kumhofu mkubwa wake huanza kuficha habari, na habari iliyofichwa wodini humdhuru mgonjwa kabla ya kumdhuru mtu mwingine yeyote.

Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2022-2023, Mkoa wetu wa Njombe ulikutwa na maambukizi ya Virusi vya Ukimwi ya asilimia 12.7 kwa watu wa miaka 15 na zaidi, kiwango kilichoipita mikoa mingine yote. Basi na tumfikiri muuguzi wa zamu ya usiku, peke yake, katika zahanati yoyote ya huku Lupembe, aliyechomwa na sindano iliyokwisha kutumika: yampasa aoshe jeraha kwa maji na sabuni, atoe taarifa, na aanze dawa za kinga mara moja, maana zikicheleweshwa kupita saa 72 hazitarajiwi tena kumfaa. Lakini ikiwa neno la kwanza la msimamizi wake huwa ni, "Macho yako yalikuwa wapi?", naye alishamwona mwenzake akipewa barua ya onyo kwa tukio kama hilo, atafunga kidole kwa pamba, atanyamaza, na asubuhi ataandika katika kitabu cha ripoti kwamba usiku ulikuwa shwari.

Ndivyo ilivyo pia kwa mama aliye katika uchungu. Patografu, yaani chati ya kufuatilia mwendo wa uchungu, ina mstari wa tahadhari na mstari wa hatua, na kati yake zimewekwa saa 4, makusudi mzazi apate kufikishwa penye msaada. Na anayeijua barabara ya kwenda hospitali ya Kibena wakati wa mvua ajua kwamba saa hizo si nyingi. Muuguzi aliyewahi kusutwa mbele ya wagonjwa kwa kumwamsha mkubwa "bure" atangoja kidogo, kisha kidogo tena.

Hatutetei ulegevu. Msimamizi anayedai rejista ijazwe na vifaa vitakaswe twamheshimu kwa dhati, maadamu atanguliza kuuliza kabla ya kulaumu. Tena twajua kuwa wengi wao walipandishwa cheo kwa umahiri wa mikono yao, ilhali hawakufunzwa kuongoza watu, nao wangali wakishika zamu, stoo na makaratasi kwa pamoja. Dhuluma hiyo nayo yastahili kusemwa.

Ombi letu kwa timu za afya za halmashauri ni dogo. Zinapokuja kwa usimamizi shirikishi, baada ya kukagua vitabu, zikae na wauguzi wa zamu ya usiku pasipo mkubwa wao kuwapo, ziwaulize ni jambo gani la mwezi uliopita ambalo hawakuthubutu kuliandika.