Sikinde kabla na baada ya Gurumo

Bwana Mwandishi, kwa taadhima naomba ruhusa ya kukhitilafiana nawe katika hukumu yako kwamba Mlimani Park Orchestra, yaani Sikinde, ilipoteza ladha mwaka 1985, pale Muhidin Maalim Gurumo alipoihama na kwenda Orchestra Safari Sound. Si siri kwamba nyimbo za awali za Sikinde, zilizorekodiwa Radio Tanzania baada ya bendi hiyo kuasisiwa mwaka 1978, zilipata haiba kwa sauti nzito ya Gurumo, iliyotamka kila neno kwa utulivu wa mzee atoaye wasia, ikipokezana na sauti nyembamba ya Hassani Bitchuka. Walakini mwenye kusikiliza kwa insafu atatambua kwamba chini ya sauti hizo palikuwa na magitaa yaliyojibizana na matarumbeta kwa mpangilio wa Michael Enoch, na mpangilio haufungashi mizigo pamoja na mwimbaji. Kadhalika bendi ya roki ya Black Sabbath ya Uingereza, ilipompa Ronnie James Dio nafasi ya mwimbaji Ozzy Osbourne, ilitoa albamu ya Heaven and Hell mwaka 1980 ikiwa na gitaa lile lile la Tony Iommi. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunajua kinyume chake: Tancut Almasi ya Iringa tuliipenda aghalabu kwa sauti za pacha wawili, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, na kwa bendi ya namna hiyo hukumu yako ingesimama. Kwa Sikinde, la.

Msomaji, Uyole, Mbeya