Dalali na Amana ya Nyumba

Siku hizi mjini Mombasa, toka Kizingo hata Nyali, nyumba za ghorofa huuzwa zingali michoro. Mnunuzi hulipa kidogo kidogo kwa kulitegemea neno la dalali. Wengine ni mama zetu, wenye fedha za mirathi au za watoto walio ughaibuni. Basi dalali hana budi kumjua mjenzi kabla ya kumsifu.

Kwanza, aende mwenyewe katika ofisi ya ardhi akaitazame hati. Pwani yetu ina nyumba zisizo na ardhi: jengo la huyu, kiwanja cha yule. Viko pia viwanja vya warithi visivyogawanywa, na vya wakfu, ambavyo haviuzwi. Pili, aione idhini ya kaunti na usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Tatu, azuru jengo ambalo mjenzi huyo amelimaliza, abishe hodi, awaulize wakaazi: Mlikabidhiwa kwa wakati? Maji yapo? Hati mmepata? Kwani sheria ya mwaka 2020 yaruhusu kila nyumba ya ghorofa kuwa na hati yake.

Mjenzi anayeghadhibika kwa kuulizwa na aachwe, ujapokuwa ujira wake ni mnono. Mtume (S.A.W.) alikataza biashara ya gharar, ambayo mwisho wake haujulikani. Nanyi mama zetu, mkiletewa nyumba, muulizeni dalali: Je, haya umeyatazama? Akibabaika, fedha zenu zisitoke mkononi.