Je, Chema Chajiuza? Kiswahili na Jina la Mfanyabiashara Mdogo

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni miongoni mwa zile tulizozikariri tangu shule ya msingi, tukaziandikia insha na kutuzwa alama nzuri, bila kujiuliza iwapo maneno yake yangali na ukweli huko sokoni. Katika makala haya nakusudia kuitia methali hiyo kwenye mizani. Ninadai kwamba chema hakijiuzi pasi na jina la kukitambulisha. Kwamba mfanyabiashara mdogo wa Kenya mara nyingi huwa tayari amepewa jina hilo na wateja wake ila hajafunzwa kulithamini. Na kwamba sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tumeukwepa wajibu wetu katika jambo hili. Nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, palikuwa na mama mmoja aliyeuza chakula katika kibanda cha mabati karibu na lango la chuo. Chapati zake, ndengu na githeri viliwavuta hata wanafunzi waliokuwa na uwezo wa kula kwingineko. Kila alipompa mteja sahani alimwambia neno moja tu, "Ushibe," na kwa sababu hiyo sote tulimwita Mama Ushibe. Siku moja, baada ya kuweka akiba ya kutosha, aliniita akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiwe msomi wa lugha. Niandikie jina la biashara, fundi wa rangi anakuja kesho." Mimi, niliyekuwa nimetoka kwenye mhadhara wa fasihi simulizi asubuhi hiyo hiyo, nikamwandikia kwa Kiingereza: Destiny Executive Caterers. Fundi alitoza kwa kuhesabu herufi, hivyo usomi wangu ulimgharimu mama yule zaidi ya ilivyostahili. Bango lilipokwisha kutundikwa alilitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Hapo pameandikwa chapati?"

Nilicheka, naye akacheka kwa heshima. Miezi michache baadaye mtu mwingine alifungua kibanda hatua chache kutoka pale, na juu ya mlango akaandika kwa rangi nyekundu: Ushibe Hoteli. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao walikuwa wameambiwa na wenzao waende wakale kwa Mama Ushibe, walifuata maandishi wakaingia huko. Mama alibaki chini ya bango lake la Kiingereza akiwatazama wateja wake wakipita. Hakuwa na chochote mkononi cha kuthibitisha kwamba jina lile lilikuwa lake, kwa kuwa hakuwahi kuliandika popote. Alikuwa amemwachia msomi kazi hiyo, na msomi akalitupa.

Pengine msomaji atauliza, jina lina uzito gani hata liandikiwe makala? Jibu limo katika hali halisi ya biashara ndogo. Sheria ya Biashara Ndogo na za Kadri ya Chini iliyopitishwa nchini mwaka 2012 inaitambua biashara ya ngazi ya chini kabisa kuwa ile yenye wafanyakazi wasiofika 10 na mapato yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka. Mwenye biashara ya kiwango hicho hawezi kununua nafasi gazetini wala dakika moja redioni. Hana uwezo wa kuajiri kampuni ya kumtengenezea nembo. Mtaji pekee wa kujitangazia alio nao ni maneno: jina lililo juu ya mlango, kauli anayomwambia mteja, na habari ambayo mteja huyo ataipeleka kwa jirani yake. Maneno hayo yakiwa mageni kwa mwenye biashara na kwa mteja vilevile, mtaji huo umepotea.

Wala hili si jambo jipya katika lugha yetu. Tuutazame mfano wa kanga, vazi ambalo wengi wetu tumeliandikia tasnifu. Katika mji wa Mombasa kuna duka la kanga lililoanzishwa mwaka 1887 na Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara aliyejulikana na wateja wake kwa jina la Abdulla. Kanga zake zilitambulika kwa alama iliyochapwa kwenye kitambaa, K.H.E., pamoja na maneno "Mali ya Abdulla". Inasimuliwa kwamba ni yeye aliyeanza kutia misemo ya Kiswahili kwenye kanga mapema katika karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi. Mfanyabiashara huyo hakutumia herufi tatu za jina lake rasmi peke yake. Aliziambatanisha na jina ambalo wanunuzi walimwita, akalichapa pale wanapoliona.

Kuna jambo jingine katika mfano huu linalostahili kuzingatiwa na mwanafunzi wa fasihi. Kwa muda mrefu kanga zilichapwa ng'ambo, katika viwanda vya Ulaya na baadaye vya Bara Asia, kisha zikaletwa kuuzwa pwani yetu. Pamba haikuwa yetu, na mashine hazikuwa zetu. Kilichokuwa chetu, na ambacho kilimfanya mwanamke wa Lamu au Unguja achague doti moja na kuiacha nyingine yenye pindo na mji wa kupendeza vilevile, kilikuwa yale maneno machache ambayo kwa istilahi ya kanga huitwa jina. Hapana shaka kwamba wenye maduka waliielewa thamani ya lugha kabla yetu sisi tunaoifanyia mitihani.

Mfano wa pili unatoka barani. Mafundi wa vyuma na mbao waliofanya kazi bila paa juu ya vichwa vyao waliitwa Jua Kali, na jina hilo lililozaliwa na hali yao likapanda hadi kwenye waraka rasmi wa serikali wa mwaka 1992 kuhusu maendeleo ya biashara ndogo. Mfano wa tatu tunao mifukoni. Huduma ya kutuma fedha iliyoanzishwa na Safaricom mnamo Machi 2007 ingeweza kupewa jina refu la kitaalamu. Badala yake waliichukua herufi moja ya Kiingereza wakaiambatanisha na neno pesa, ambalo kila muuza nyanya analitamka mara mia kwa siku. Ikiwa kampuni kubwa yenye fedha za kuajiri wataalamu iliona busara kuazima neno la sokoni, kwa nini wa sokoni mwenyewe alione neno hilo kuwa duni?

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba mteja wa Kenya huamini zaidi kilichoandikwa kwa Kiingereza. Siwezi kukana kwamba kasumba hiyo ipo, na kwamba zipo biashara, kama vile zinazowahudumia watalii au ofisi za kigeni, ambazo zina sababu nzuri ya kutumia Kiingereza. Hata hivyo, mteja wa kibanda huuliza bei kwa Kiswahili, hupunguziwa kwa Kiswahili, na akitoka humweleza mwenzake kwa Kiswahili. Jina asiloweza kulitamka vizuri hatalipeleka mbali. Aidha, tangu Katiba ya mwaka 2010 Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, hivyo hakuna tena sheria wala hadhi inayomlazimu mtu kujificha nyuma ya lugha nyingine.

Pingamizi ya pili inatoka kwa vijana, wanaosema kwamba Sheng ndiyo inayouza. Ni kweli kwamba matatu na vinyozi wa mijini wamefaulu kuitumia. Lakini Sheng hubadilika haraka, na neno linalovuma mwaka huu laweza kuchekwa mwaka ujao, ilhali bango la rangi hukaa miaka mingi. Anayelichagua neno la Sheng na alichague akijua kwamba huenda akahitaji kupaka rangi upya.

Pingamizi ya tatu ndiyo inayoniuma, kwa sababu inatoka miongoni mwetu. Kuna wasomi wanaoona kwamba kuandika tangazo la chapati ni kuishusha fasihi. Wenzangu, tunawezaje kuchambua jina la kanga darasani, tukataja tamathali, ufupi na ukinzani uliomo, kisha tukalidharau jina la kibanda ambalo limebuniwa kwa misingi iyo hiyo? Jina zuri la biashara ni utunzi. Lina ufupi wa methali, picha moja iliyo wazi, na mlio unaokaa sikioni. Tena lina sharti ambalo tungo nyingi hazina: ni lazima liwe la kweli. Mwenye kuandika "Ushibe" na kutoa sahani nusu atakuwa amejitangazia aibu yake mwenyewe.

Hapa ndipo tunaporejea kwenye methali yetu. Kujitembeza kunakolaumiwa na wahenga ni kule kwa kitu kibaya kinachotafuta kuficha ubaya wake kwa kelele. Kujitambulisha ni jambo tofauti. Ni kumwezesha mteja aliyeridhika akurudie, na kumwezesha rafiki yake akufikie bila kupotea njia. Katika zama hizi mteja akilipa kwa simu, ujumbe anaoupokea humwonyesha jina ambalo nambari ya malipo imesajiliwa nalo. Wafanyabiashara wengi wana jina moja juu ya mlango, jingine kwenye ujumbe huo, na la tatu vinywani mwa wateja. Mgeni anayeona majina matatu huingiwa na shaka kwamba fedha zake zimekwenda kwingine. Jina moja, lililoandikwa kwa tahajia moja kila mahali, humjengea mtu mdogo uaminifu ambao mkubwa huununua kwa mamilioni.

Isitoshe, neno lisilolindwa na mwenyewe hulindwa na mwingine. Kampuni ya Disney iliomba kusajili maneno "Hakuna Matata" nchini Marekani mwaka 1994 na ikapewa usajili huo, kwa ajili ya mavazi, mwaka 2003. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza ilitaka kulisajili jina la kikoi, kwa tahajia ya "Kikoy", liwe alama yake ya biashara katika nchi hiyo. Ilibidi watetezi wa wafumaji na wauzaji wa Kenya wapinge, na ombi hilo likakoma mwaka 2008. Tulilalamika sana katika visa vyote viwili, na ilikuwa haki yetu. Lakini aliyemnyang'anya Mama Ushibe jina lake hakutoka ng'ambo. Alikuwa jirani mwenye kopo la rangi, na mimi niliyemfungulia mlango nilikuwa mwanafunzi wa Kiswahili. Ni vyema pia mfanyabiashara afahamishwe kwamba kusajili jina la biashara si sawa na kusajili alama ya biashara. Usajili wa alama ndio unaompa haki ya kumzuia mwingine kuitumia kwa bidhaa au huduma za aina hiyo, nao hudumu miaka 10 na kuweza kufanywa upya. Tena neno linaloitaja bidhaa yenyewe tu, kama vile "Chapati", ni vigumu kulisajili. Linalohitajika ni neno lenye upekee, na kutafuta neno la namna hiyo ni kazi ya mjuzi wa lugha.

Napendekeza basi chama chetu kitenge alasiri moja katika kila muhula, wanachama wawili wawili wamwendee mfanyabiashara mmoja wa karibu na chuo. Kwanza wakae wasikilize. Wawaulize wateja wanapaitaje mahali pale na kwa nini, kwani hiyo ni kazi ya nyanjani kama ile ya kukusanya vitendawili. Kisha wakubaliane na mwenye biashara kuhusu jina, sentensi moja ya kuandikwa chini yake, na matangazo mafupi anayoweza kuwatumia wateja kwa simu kila juma, kwa Kiswahili sanifu kisicho kizito. Wamweleze na njia ya kulisajili. Wahadhiri wetu nao waikubali kazi hiyo kuwa sehemu ya tathmini ya kozi, ili isiwe hisani ya siku moja.

Mama Ushibe aliishusha ile kazi yangu baada ya mwaka mmoja. Sikuitwa mara ya pili. Alimwita fundi peke yake, akamsomea maneno ya kuandika, na nilipopita pale asubuhi iliyofuata nilikuta bango jipya: Mama Ushibe Mwenyewe. Baadhi ya wateja walirudi, wengine walikuwa wamekwisha kuzoea kwingine. Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo, na bado sijaona mahali ambapo neno "mwenyewe" limebebeshwa mzigo mkubwa kuliko pale. Nilinunua chapati mbili, akanipa tatu, akaniambia nishibe.