Gari Tusilolinunua

Wapo wanaotusikitikia wakituona kituoni tukisubiri daladala, kana kwamba asiye na gari amenyimwa baraka. Sisi tumechagua hivyo, wala si sadaka kubwa, isipokuwa siku za masika. Fedha ya mafuta, bima na matairi imebaki nyumbani.

Lakini hoja yetu hasa ni ya haki. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani. Zaidi ya nusu yao walikuwa waendao kwa miguu, baiskeli na pikipiki. Barabara hujengwa kwa kodi ya wote, kisha mwenye gari huipita peke yake akiwarushia wengine vumbi. Dar es Salaam ilipoanzisha mabasi yaendayo haraka mwaka 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, angalau abiria wa kawaida alitengewa njia yake.

Hatumlaumu abebaye wagonjwa. Twasema tu kwamba asiyepanda basi haulizi kwa nini limejaa kupita kiasi, wala kwa nini watoto wa shule hawana njia ya miguu. Viongozi wa walei wakipanda, watayauliza hayo katika vikao vya kata.