Kura 17 zilimnyima ubunge, leo ni Rais: Catherine Connolly ni 'huru' kiasi gani?

Hebu fikiria hivi. Umegura chama, umesaka kura mlango kwa mlango kivyako, kura zinahesabiwa, zinahesabiwa tena, kisha unaambiwa umekosa kiti kwa kura 17. Wengi wetu tungezima simu wiki nzima. Hayo yalimpata Catherine Connolly mwaka 2011 katika eneobunge la Galway West, Ireland. Novemba 11, 2025, mama huyo huyo aliapishwa kuwa Rais wa kumi wa nchi hiyo.

Usidhani ni mtoto wa bwanyenye. Alizaliwa Galway mwaka 1957 katika familia ya watoto 14, akalelewa mtaa wa nyumba za baraza la mji, na mamake akafariki yeye akiwa na miaka tisa. Akasomea saikolojia, halafu sheria. Mwaka 1999 akawa diwani kwa tiketi ya chama cha Labour, 2004 akawa meya.

Hapo ndipo mambo yalichacha. Kule eneobunge moja huchagua wabunge kadhaa, kwa hivyo chama kinaweza kusimamisha wawaniaji wawili. Connolly alitaka nafasi ya pili. Labour ikakataa, ikabaki na mbunge wake wa miaka mingi, Michael D. Higgins. Akatoka. Akaangushwa 2007, akaangushwa 2011, akaingia bungeni 2016 kama mgombea huru. Mwaka 2020 akawa mwanamke wa kwanza kuwa naibu spika. Na unajua nani alimpisha Ikulu mwaka 2025? Higgins yuleyule, baada ya kukaa huko miaka 14.

Sasa tuje kwa neno 'huru', maana hapa ndipo hadithi nyingi zinamsifu kupita kiasi. Kwetu, anayetaka urais bila chama hutafuta saini za wapigakura 2,000 katika kila mojawapo ya kaunti zisizopungua 24. Ireland mambo ni tofauti: lazima udhaminiwe na wabunge au maseneta 20, ama mabaraza manne ya mitaa. Yaani funguo za mlango ziko mikononi mwa wanasiasa. Connolly aliupita kwa sababu vyama vya mrengo wa kushoto vilikubali kumbeba: Social Democrats, People Before Profit, Greens, Sinn Féin, na ndiyo, Labour waliomnyima nafasi zamani. Bila vyama, mgombea huru huyu hangekuwa debeni.

Muulize Maria Steen, wakili wa mrengo wa kihafidhina. Alipata saini 18. Mbili tu zikamkosesha kinyang'anyiro.

Ndiyo maana usiisome ile asilimia 63 ya Connolly kwa pupa. Ni ushindi mkubwa, tena zaidi ya kura 914,000, lakini chini ya nusu ya wapigakura walijitokeza, na kura zaidi ya 213,000 ziliharibika, karibu 13 kwa kila 100. Hizo si za watu waliokosea kushika kalamu. Wengi waliharibu makusudi, wakilalamika kwamba hawakupewa mtu wao. Isitoshe, Jim Gavin wa Fianna Fáil alijiondoa wiki tatu kabla ya kura kwa sababu ya pesa za kodi alizodaiwa na aliyekuwa mpangaji wake. Jina lake lilibaki kwenye karatasi, na bado likapata asilimia saba! Ukiondoa yeye, alibaki Heather Humphreys wa Fine Gael peke yake.

Vijana je? Walimpenda, hilo halina ubishi. Video zake akipiga danadana na kucheza mpira wa kikapu, akiwa na miaka 68, zilizunguka simu hadi simu. Wengi wao kilio chao ni nyumba: kodi iko juu na wanaishi kwa wazazi hadi utu uzima. Lakini Rais wa Ireland hajengi hata choo. Hana bajeti ya serikali wala sera. Silaha yake kubwa ni kupeleka mswada Mahakama ya Juu ukaguliwe kabla hajautia saini.

Na mdomo pia, ingawa huo umemletea taabu. Akiwa mbungeni alizuru Syria mwaka 2018, akachapwa maswali hadi siku za kampeni. Alipofananisha Ujerumani inavyojiongezea silaha leo na ile ya miaka ya 1930, wapinzani hawakumwachia. Mbunge huru anaweza kusema hayo, kesho akaamka na kazi yake. Rais husemea nchi nzima, hata wale waliochora kura zao, na muhula wake ni miaka saba.