Tuambiwe Mapema, Tupewe Maji

Kwa majengo ya hospitali, Mkoa wa Kilimanjaro umejaliwa. KCMC ipo hapa Moshi tangu 1971, Mawenzi ipo katikati ya mji, na kule Siha ipo Kibong'oto, iliyoanza mwaka 1926 kuwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu na leo ndiyo hospitali maalumu ya taifa ya magonjwa ambukizi. Hilo tunalijua na tunashukuru.

Malalamiko yetu yanaanzia huku juu, kwenye zahanati za migombani. Mgonjwa wa homa hafikii Kibong'oto kwanza. Anafikia zahanati ya kijiji, anakaa benchi moja na mama aliyeleta mtoto chanjo, anahudumiwa na muuguzi aliye peke yake. Boksi la glavu likiisha, limeisha. Bomba likikauka, muuguzi ananawa kwa maji ya ndoo aliyotekewa na jirani. Hapo ndipo ugonjwa wa mlipuko utakapoingia, na hapo hatuoni maandalizi yoyote.

La pili linatuuma zaidi: tunachelewa kuambiwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitua uwanja wa ndege wa KIA, mlangoni kwetu, tarehe 15 Machi 2020 akitokea Ubelgiji, na kesho yake Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza. Ndivyo inavyotakiwa. Wiki zile ndoo za maji tiririka zilikuwa mbele ya kila duka, stendi hadi sokoni, na watu walinawa bila kusukumwa. Kisha mwezi Mei takwimu zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Hatukusikia hesabu nyingine kwa zaidi ya mwaka mzima.

Ndani ya kimya hicho tulizika. Mchaga huzikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo wake, hata kama alifia Dar es Salaam au Mwanza. Maiti inaletwa kwa gari usiku kucha, ukoo unakusanyika, tunashikana mikono, tunakula pamoja, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, inapita kwa wazee. Mwanzoni mwa 2021 misiba ilifuatana, na kila msiba tuliambiwa ni "changamoto ya kupumua". Kama tungeambiwa wazi, tungezika tukiwa wachache, wazee wetu wangebaki nyumbani, na kila mzee angepewa kikombe chake. Hatukuambiwa. Zipo familia ambazo mpaka leo hazizungumzi, zinalaumiana nani alileta ugonjwa kwenye matanga. Rais Samia alipochanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021, wengi tulishusha pumzi, lakini waliokwisha kuzikwa walikuwa wamezikwa.

Tulidhani somo limeeleweka. Homa ya Marburg ilipoingia Bukoba, mkoani Kagera, Machi 2023 ilitangazwa, ikafuatiliwa, na Juni ikaisha: wagonjwa 9, vifo 6. Kazi nzuri, tuliisifu. Kisha Januari 2025, tarehe 14, Shirika la Afya Duniani likasema kuna wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na Marburg huko huko Kagera. Wizara ikajibu kwamba vipimo havikuonyesha Marburg. Tarehe 20 Rais, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, Tedros, akatangaza kwamba imethibitika Biharamulo. Mlipuko ulipotangazwa kuisha Machi, wote 10 waliohesabiwa walikuwa wamekufa. Siku zile sita za Januari mabasi ya Kanda ya Ziwa yaliendelea kushusha abiria hapa Moshi kama kawaida, na wakata tiketi, makuli na bodaboda hawakuwa na neno moja la kuwasaidia kujilinda.

Na kila Desemba mkoa huu unapokea watoto wake kutoka kila pembe ya nchi. Wilayani Rombo, watu wanavuka kwenda na kurudi Kenya kwa njia za panya, wakifuata soko na ndugu. Wageni wa mlima wanatoka mabara yote, na wapagazi wanalala nao kambi moja. Sehemu kama hii haiwezi kungoja taarifa ya jioni kwenye televisheni.

Januari 2024 Makamu wa Rais Mpango alizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, 137,294 kwa miaka mitano. Tunauunga mkono kwa moyo wote. Sasa tunauliza mhudumu wa kijiji chetu ni nani, analipwa lini, na mkobani mwake ana nini.

Tunachodai si kikubwa. Maji yasiyokatika kwenye kila zahanati, akiba ya glavu na barakoa isiyosubiri mlipuko, na barua ya mganga mkuu wa wilaya isomwe kanisani na msikitini wiki ileile dalili zinapoonekana, hata kabla ya majibu ya maabara. Nawe msomaji, ukiona vifo vinavyofuatana kwenye nyumba moja au homa yenye kutoka damu, piga 199, simu ya bure ya Wizara ya Afya, siku hiyohiyo, kisha mwambie mtendaji wa kijiji chako kwamba umepiga.